Mamangu ana wasiwasi wa udhu, na sasa mwanangu ameanza: je, niwatenganishe?

SWALI

Assalaam aleikum, mshauri wetu.

Mimi ni mama wa miaka 33, mzaliwa wa Lamu, na naishi Langoni katika nyumba ya mamangu. Mume wangu anafanya kazi Malindi katika duka la vifaa vya ujenzi, huja kila mwisho wa mwezi. Tumejaaliwa watoto wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka 4.

Tangu nipate akili namjua mamangu kwa jambo moja: akiingia kutawadha, hatoki. Akifika kwenye miguu hushuku kwamba kiwiko hakikupata maji, akaanza upya. Birika letu hujazwa asubuhi, na ikifika Adhuhuri kata inagonga chini. Akisimama kuswali, takbira huirudia mpaka sisi wengine tumeshatoa salamu. Kanga zake hazianiki uani kwa kuchelea paka, na hakuna ruhusa mtu mwingine kuzianua. Mjomba wangu naye wasiwasi wake ulikuwa wa mlango. Alikuwa akifunga duka, akifika nusu ya njia hurudi kulitikisa kufuli. Watu walimcheka. Sisi nyumbani tulisema ndivyo walivyo, tukaishi hivyo.

Mwaka jana binti yangu akaanza. Walifundishwa shuleni habari za kipindupindu, na alipozidisha kunawa nilifurahi, nikajua ni usafi. Sasa vifundo vya vidole vyake vimepasuka mistari myekundu. Sabuni ikimgusa hufumba macho kwa uchungu, lakini haachi. Usiku nampaka mafuta ya nazi, asubuhi analia kwamba mafuta yameshika uchafu. Akitawadha lazima nisimame ubavuni mwake. "Mama, imeingia?" Namwambia imeingia. "Una hakika?" Nina hakika. Akifika mlangoni anarudi. Nikinyamaza anatetemeka mwili mzima, moyo unanishinda, namjibu. Juzi mwalimu wake alinipigia simu kwamba akienda msalani anachelewa kurudi darasani, na wenzake wameshampa jina.

Mume wangu alipoyaona haya alisema mtoto anamuiga bibi yake. Anataka kumhamishia Malindi akae na mamake, asome huko mpaka asahau. Mavyaa yeye anasema hakuna kuiga hapo, huo ni ukoo wetu, kwao hawana mambo haya, na anataka mtoto apelekwe kwa mtu amwandikie kombe. Mamangu ameyasikia yote, nyumba ni moja. Tangu siku hiyo anatawadha usiku tumelala ili mjukuu asimwone. Nayasikia maji gizani na machozi yananitoka.

Kuna na jambo sijamwambia mtu. Mimi pia usiku huamka kuangalia mtungi wa gesi. Nauona umefungwa, naugusa, narudi kulala, naamka tena. Nilipomzaa huyu wa pili ilizidi, ikanijia na fikra mbaya kwamba nitamtupa mtoto kwenye ngazi. Sikuitaka fikra hiyo. Niliiogopa hata nikawa simbebi mtoto nikipita pale. Ile ilipungua yenyewe, ya gesi ipo mpaka leo. Mume wangu anachojua ni kwamba silali vizuri.

Sasa anataka tuongeze mtoto. Naomba unisaidie. Hii ni damu au ni kuiga? Ikiwa ni damu, basi ni mimi niliyempa mwanangu? Nimtenge na mamangu, aliyemlea tangu arubaini yake? Na hili langu nimwambie mume wangu, nami najua maneno yatafika kwa mavyaa?

Mama Wawili, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umeuliza damu au kuiga, lakini chini ya swali hilo nawaona watu: bibi anayejificha kwa maji usiku ndani ya nyumba yake mwenyewe, mtoto mwenye mikono inayomuuma, baba aliye mbali na aliyeshikwa na hofu, na wewe uliye katikati ya wote ambaye hakuna aliyekuuliza unalalaje. Nitaanza na damu kwa sababu maamuzi yenu yote mmeyajenga juu yake.

Hayo unayoyaeleza hospitalini huitwa OCD, na sisi Pwani tumeyajua siku zote kwa jina la wasiwasi. Fikra humjia mtu bila kuialika, inamtisha, naye hufanya jambo ili atulie: kunawa, kutikisa kufuli, kurudia takbira, kuuliza. Utulivu ukija haudumu, fikra inarudi, na kila duru huifanya inayofuata kuwa na nguvu zaidi. Takriban watu 2 katika kila 100 hupatwa na hali hii wakati fulani maishani. Mara nyingi huanza karibu na umri wa miaka 10, alio nao binti yako sasa, au mtu anapoingia utu uzima. Wala si maradhi ya zama hizi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliyaandika akaeleza namna ya kuyatibu.

Hutembea katika familia? Ndiyo. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja anao, nafasi yake ya kupatwa hupanda kutoka zile 2 hadi kama 10 katika 100, na huwa kubwa zaidi kama ugonjwa wa huyo jamaa ulianza utotoni. Watafiti wamelipima hili kwa mapacha. Wale waliotokana na yai moja hufanana katika ugonjwa huu kuliko mapacha wa kawaida, na kwa hesabu zao urithi huchukua karibu nusu ya sababu. Inayobaki ni mambo yanayomkuta kila mtu kivyake. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 50,000, ukaonyesha sehemu 30 za vinasaba zinazohusiana na OCD, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mtu atapata au hatapata. Na mtoto huchota vinasaba kwa baba na mama, kila upande na chake. Mavyaa wako anasema kwao hawana. Huenda kweli hajamwona aliye nao, lakini maradhi haya watu huyaficha mno. Wewe mwenyewe unayaficha kwa mume mnayelala naye chumba kimoja.

Nawe, dada, hukumpa mwanao kwa kutaka, na hukuwa na namna ya kuchagua kipi apokee. Ile 10 katika 100 ukiigeuza utaona 90 ambao hawapati, hata kama mzazi anao. Hilo lisemwe pia mtakapozungumza habari ya mtoto wa tatu. Uamuzi huo ni wenu wawili na mimi sitaugusa, ila ningependa muufanye mkiwa mmeyajua haya yote.

Sasa tuje kwa mume wako. Naelewa kwa nini anafikiri mtoto anaiga. Amemwona bibi anarudia udhu, akamwona mjukuu anarudia udhu, akaunganisha. Lakini hebu jiulize, nani aliyekufundisha wewe mtungi wa gesi? Mamako wasiwasi wake ni najisi, mjomba ni kufuli, wewe ni gesi, na mtoto alianza kwa kipindupindu, jambo ambalo bibi yake hajapata kulitaja. Mngekuwa mnaigana, mngekuwa na wasiwasi wa aina moja. Kinachorithiwa ni ule wepesi wa kushikwa na shaka, na shaka yenyewe hukamata kile ambacho kila mtu anakijali au anakiogopa. Tafiti hizo za mapacha pia zimeona kwamba kulelewa nyumba moja, peke yake, kuna uzito mdogo katika kumfanya mtu aanze kuugua.

Hata hivyo mume wako hakukosa lote. Nyumba ina nafasi yake kubwa, lakini ni katika namna tunavyoujibu wasiwasi ukishakuja. Wewe unamwambia "imeingia". Mnamngojea mamako, mnaacha kamba yake ya kanga. Ni huruma tupu, na karibu kila familia yenye mgonjwa wa OCD hufanya hivyo. Lakini wasiwasi ni kama hawa paka wetu wa vichochoroni: ukimtupia kichwa cha samaki leo, kesho utamkuta mlangoni. Kila "imeingia" humtuliza binti yako kwa muda mfupi tu, na humfundisha kwamba bila neno lako hawezi kulivuka lile lango la choo.

Ndiyo maana nasitasita juu ya kumpeleka Malindi. Ina faida zake, sikatai: atakuwa karibu na baba, na huenda mkapata pumzi. Lakini kama huko nako kuna mtu wa kumjibu "imeingia", basi mmehamisha vitabu na nguo tu. Na kama hakuna wa kumjibu, ila yupo wa kumkaripia au kumcheka, atajifunza kujificha, kama bibi yake sasa hivi. La pili linaniumiza zaidi. Mtoto wa miaka 10 akitolewa mikononi mwa bibi aliyemlea kwa sababu ya tabia ambayo yeye pia anayo, atajiambia nini? Kwamba bibi ni hatari, na kwamba yeye mwenyewe ni hatari hiyo hiyo. Ikiwa baba bado anataka kumchukua, mnaweza kuanza na likizo fupi ya shule, pasitajwe bibi kabisa, mkaona hali inakwendaje kabla ya kumtoa shuleni. Au mkabaki mlivyo na mkabadilisha majibu. Nyote wawili mnaweza kulipima hilo kuliko mimi.

Kubadilisha majibu si kumnyamazia ghafla. Ukimkatia siku moja atatetemeka kama ulivyoona, na wewe utashindwa, na kushindwa huko kutamfunza kwamba akitetemeka zaidi atajibiwa. Zungumza naye wakati ametulia, mbali na maji. Mwambie kuna kitu kinaitwa wasiwasi, kinadanganya, kimemsumbua bibi, kimemsumbua mjomba, na si kosa la yeyote. Mkubaliane utajibu mara moja tu kila udhu, baadaye usijibu kabisa. Akiuliza tena, sema: "Najua unaumia, na najua unaweza kuvumilia hii. Huo ni wasiwasi unauliza." Kisha kaa naye hofu ipande na ishuke yenyewe, maana hushuka. Atakasirika, na siku za mwanzo anaweza kuzidi badala ya kupungua. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, kuna matibabu ya watoto wenye hofu ambayo hufundisha wazazi peke yao namna hii ya kujibu, na watoto wanapata nafuu.

Lakini usibebe haya peke yako, anahitaji daktari. Tiba iliyothibitika zaidi ni kumzoesha mgonjwa, hatua kwa hatua, kukabili anachokiogopa bila kufanya kile kitendo cha kujituliza. Ilianza London mwaka 1966 kwa mwanasaikolojia Victor Meyer, na tangu hapo zaidi ya nusu ya wanaoifuata hadi mwisho hupata nafuu ya kuonekana. Zipo pia dawa, kama fluoksetini na klomipramini, ambazo huchukua wiki nyingi, pengine 10 au 12, kabla ya kujulikana zimesaidia. Kwa mtoto, daktari ndiye wa kuamua kama zinahitajika. Najua Lamu hakuna wataalamu hawa kila kona, na safari ya Mombasa ni boti hadi Mokowe kisha basi, si nauli ndogo. Anzeni na hospitali ya kaunti, ombeni rufaa, na ulizeni kama baada ya kuonana mara ya kwanza mnaweza kuendelea kwa simu. Mweleze daktari ilianzaje. Ikiwa ilimlipukia ghafla kwa siku chache, hasa baada ya kuumwa koo, hilo lisisahauliwe. Akiacha kula, au akisema hataki kuishi, nendeni siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa dini, una msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba kimoja hakifiki lita. Na aliyeshuku kwamba udhu wake umetenguka ndani ya swala ameelekezwa asitoke mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Wanavyuoni wetu wamesisitiza kwamba mwenye wasiwasi dawa yake ni kutoujali. Tafuta sheikh au mwalimu wa madrasa mwenye upole, amwambie binti yako mbele yako: tatu, basi, na swala yako ni sahihi hata ukishuku. Ila asiwe anaulizwa kila siku, kwani fatwa nayo hugeuka ikawa "imeingia" nyingine. Hayo ya kombe sitagombana na mavyaa wako. Kisomo cha kumtuliza mtoto hakimdhuru, maadamu hakichukui nafasi ya daktari, na asitokee mtu wa kumpiga, kumtisha au kumwambia ana jini. Mtoto huyu ameshatishika vya kutosha.

Nimekuja kwako sasa. Ile fikra ya ngazi uliyoibeba peke yako miaka minne inajulikana sana kwa madaktari. Baada ya kujifungua OCD huweza kuanza au kuzidi, na fikra za kumdhuru mtoto ni miongoni mwa sura zake za kawaida. Ulishtuka, ukaiogopa, ukaikwepa ngazi. Mama anayetaka kudhuru hafanyi hivyo. Kwa hiyo mkiamua kuongeza mtoto, mkunga na daktari wajue mapema, wawe nawe wakati wa uzazi na baada yake.

Kumwambia mume wako? Ukinyamaza utaepuka maneno ya ukweni, na hofu yako ina msingi, hujaitunga. Gharama ya kunyamaza ni kwamba atabaki akiamini tatizo ni bibi, na ataamua kwa imani hiyo, huku wewe ukiendelea kuamka usiku bila tiba. Ukimwambia, kuna hatari neno likavuka, likarudi likiwa "ukoo wenu". Njia ya katikati ipo: umwambie yeye peke yake, ana kwa ana akija mwisho wa mwezi, na kabla hujasema umwombe libaki chumbani. Wewe unamjua kama ni mtu wa kutunza siri. Au umwambie daktari kwanza, kisha daktari awaeleze nyote wawili habari za urithi, ili mume wako asikie kwa mtaalamu kwamba hakuna wa kulaumiwa. Wapo wanawake ambao njia hii imewapunguzia mzigo. Wengine waliona ni bora mume asikie kwao kwanza, asije akahisi amefichwa mara mbili.

Na mamako. Ameishi na haya tangu hujazaliwa, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ni maradhi yenye tiba, hata kwa umri wake. Siku mtakayompeleka mtoto, muulizeni kama angependa kwenda. Akikataa, bado anaweza kumsaidia mjukuu kuliko sote, kwa kumwambia kwa kinywa chake: "Mimi pia huniambia maji hayakuingia, na mimi pia sipendi." Ila kwanza mwambie asitawadhe gizani tena. Sakafu ya choo huteleza, na nyumba ni yake.

Uniandikie ukiwa tayari, unieleze mmeanzia wapi.